Samaki wa Ndotoni

Suzy upo? Nimejifungia stoo ya barafu, nalia kwa hasira.

Mayala kanidhalilisha mbele ya mteja wa hoteli. Bosi mzima! Mbele ya mteja!

Unakumbuka yale maneno ya tangazo niliyokusomea? Kwamba mtu akiandika mtandaoni "minofu ya sangara jumla Mwanza", ndipo tangazo letu limtokee? Aliyafuta yote. Akaweka neno moja tu, "samaki". Eti, "Favour, nani nchi hii hatafuti samaki?"

Basi leo simu zinalia tangu asubuhi. Akaringa, akaweka spika ili mteja asikie biashara inavyokwenda.

Mama mmoja akauliza, "Ndio nyie wa samaki? Nimeota samaki anaongea. Maana yake nini?"

Mayala akakata haraka, akapokea nyingine.

Simu ya pili, ndoto. Ya tatu, ndoto! Kumbe wakiandika "samaki" mtandaoni, ndicho watu wanachotafuta, maana ya kuota samaki. Nilimwambia, Suzy. NILIMWAMBIA. Mteja kaondoka anacheka.

Unajua Mayala alisema nini? "Huyu binti ndiye mtaalamu wetu wa mtandao." Kisha akanisukumia simu. "Wapokee. Umewaita mwenyewe."

Mimi! Nimewaita mimi!

Sasa hivi kapiga dada mmoja wa Buzuruga. Kaota kabeba sangara mkubwa, anaita watu waje wamuone, hakuna hata mmoja anayegeuka.

Nikamwambia, dada, hiyo ndoto ni yangu. Imekosea nyumba.