Ndama wa Mjomba Telesfori

Mwanza, 5 Agosti 1996

Mjomba Telesfori,

Shikamoo. Naamini barua hii inawakuta wazima wote hapo Nyamiaga. Sisi hatujambo, ila mama, dada yako, magoti yanamsumbua.

Mjomba, nina shida. Hapa makumbusho nimepewa chumba kimoja kila Jumamosi, familia zije na watoto, hasa hawa wa miaka kumi na tatu, kumi na nne, wajifunze sanaa kwa kushika, si kutazama vioo tu. Wiki tatu wamechora vibuyu kwa penseli, wamechoka. Mkubwa wangu, Bi Theodosia, amesema chumba kisipojaa hadi Desemba kitakuwa stoo ya viti, na mimi nirudi kukata tiketi mlangoni. Je, unamjua fundi wa zile mbao zenye mistari iliyoinuka, nyeusi, nyeupe na nyekundu, za wakimbizi wa Rwanda?

Mpwa wako,
Leonsia

Nyamiaga, 19 Agosti 1996

Mpwa wangu Leonsia,

Marahaba sana. Afya yangu usiulize. Juzi nimemvuta ng'ombe aliyezama kwenye tope la mto Ruvubu kwa mkono mmoja, wa pili nimeshika kiko. Dada yangu apake samli magotini.

Unaniuliza kama namjua fundi! Unamwandikia fundi mwenyewe. Mbao hizo zinaitwa imigongo, kwa kuwa mistari yake imeinuka kama migongo. Ni amase, yaani mavi mabichi ya ng'ombe, na majivu, basi. Kihenge nilichokisiliba mimi mwaka wa njaa, panya walipanda wakateleza, na wengine wanachechemea mpaka leo. Watu husema niliishia darasa la nne. Hawasemi kwamba hilo la nne nililisoma mara mbili, kwa hiyo ni la nane.

Mwambie Bi Theodosia atulie. Natuma mbao sita kwa basi.

Mjomba wako,
Telesfori

Mwanza, 23 Septemba 1996

Mjomba,

Shikamoo. Mama anapata nafuu, anasema ni ile samli. Mengine si mazuri.

Boksi lako tulilifungua mbele ya familia kumi na moja. Mistari yote ilikuwa imebanduka, imelala chini ya boksi, nyasi zimetokeza. Binti mmoja akauliza, "Dada, hii ndiyo sanaa au ndiyo samadi?" Watu wakacheka hadi baba yake akatoka nje kwa aibu. Bi Theodosia hakucheka.

Mjomba, niambie kweli. Umewahi kutengeneza hata moja?

Mpwa wako,
Leonsia

Nyamiaga, 20 Oktoba 1996

Mpwa wangu,

Marahaba. Mimi mzima kama jiwe.

Kwanza, barabara ya Biharamulo. Mashimo yale yangebandua hata pembe za ng'ombe. Pili, hilo uliloniuliza mwisho. Nimekwenda Benaco, kwenye kambi ya wakimbizi.

Kambini kuna mama kutoka Kibungo, wanamwita Mama Diane kwa jina la binti yake wa miaka kumi na minne. Mwezi wa sita nilimwona amepamba ukuta wa kibanda chake, chini ya turubai la buluu. Nikampelekea mabaki ya mbao zangu, yale uliyonirudishia kwa basi, aone barabara ilivyoziharibu. Akayaponda kwa vidole, akanusa.

"Haya ni mavi ya ng'ombe mkubwa," akasema. "Yamejaa nyuzi za majani. Umesiliba kihenge, mzee. Imigongo ni ya ndama anayenyonya, laini, ya asubuhi."

Nikamwambia nilikuwa nampima tu. Diane alicheka akaangusha kikombe.

Nikamwomba anitengenezee sita. Akakataa. "Ndama wangu walibaki ng'ambo ya mto. Halafu wewe umesema ni fundi. Kaa."

Leonsia, nimekaa. Kila Jumatano nafunga mavi ya ndama wangu kwenye jani la mgomba, napakia baiskeli hadi Benaco. Mbao pia napeleka mwenyewe, maana kule kila kijiti ni kuni. Naketi katikati ya wanawake, kwani kwao kazi hii ni ya kike, nao wananiita Nyogokuru, yaani bibi. Nyeusi wanaipika kwa majivu ya maganda ya ndizi na utomvu wa mshubiri. Diane ananishika kidole gumba kama mtoto anayeanza kuandika. Mstari wangu wa kwanza alisema ni nyoka aliyekanyagwa na lori. Wa ishirini aliutazama, akanyamaza. Kwa Diane, kunyamaza ni cheti.

Mjomba wako,
Telesfori

Mwanza, 25 Novemba 1996

Mjomba,

Shikamoo. Nimecheka mpaka nikalia, kisha nikaenda kumsomea Bi Theodosia barua yako yote. Amekubali jaribio moja la mwisho, Jumamosi tarehe 21 Desemba. Ila anamtaka Mama Diane mwenyewe, na binti yake. Kibali cha kutoka kambini nimekihangaikia mpaka kimepatikana, kimo humu ndani. Familia thelathini zimejiandikisha. Usiniangushe tena.

Mpwa wako,
Leonsia

Nyamiaga, 17 Desemba 1996

Mpwa wangu,

Salamu zako nimezipokea. Leo sina la kusema kuhusu afya.

Kibali chako kilinifikia Jumamosi. Jana, Jumatatu, wamepita. Wakimbizi wa Rwanda wametakiwa warudi kwao kabla mwaka haujaisha. Nilisimama kando ya barabara ya kwenda mpakani Rusumo tangu alfajiri, karatasi mkononi. Watu wengi namna ile sijawahi kuona, na hapa sitii chumvi. Nilimwona Diane kwanza, ana mkeka kichwani. Mama yake akaitazama ile karatasi, akasema, "Safari hiyo ya Mwanza sasa ni yako." Akachomoa ubao kwenye mzigo wake, akanipa. Haujaisha, umebaki mstari mmoja.

Nikasema, mimi siwezi. Neno hilo sijawahi kulitamka tangu nizaliwe, na nimelitamka mbele ya watu wote wale. Diane akageuka, akaniambia, "Nyogokuru, kidole gumba." Wakasukumwa na waliokuwa nyuma, wakapita.

Chumba usikifunge. Barua hii inatangulia na basi la leo, mimi nakuja na la kesho. Nakuja na ndama. Dereva nimeshaongea naye, na maziwa nitamnywesha kwa chupa.

Mjomba wako,
Telesfori

Mwanza, 9 Januari 1997

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini mlifika salama, wewe na ndama. Huku wanamuulizia yeye zaidi kuliko wewe.

Chumba ni changu! Jumamosi iliyopita zimekuja familia arobaini, kina baba wamekunja mikono ya mashati, na samadi imetoka kwa jirani wa Bi Theodosia mwenye ndama wawili. Yule binti aliyeuliza kama ni samadi ndiye anayewaonyesha wenzake kidole gumba.

Siku ile ya tarehe 21 nilikuwa nangoja uwaeleze jinsi ulivyoivumbua sanaa hii. Ukasimama, ukafungua mdomo, ukasema, "Nilifundishwa." Ukakaa, ukaanza kuchanganya majivu. Mama anasema lazima ulikuwa na homa.

Ule ubao tumeutundika ukutani. Bi Theodosia anataka tuweke kibandiko chenye jina la fundi. Niandike nani? Na ule mstari uliobaki, utakuja kuumaliza?

Mpwa wako,
Leonsia

Nyamiaga, 26 Januari 1997

Mpwa wangu Leonsia,

Marahaba. Homa sikuwa nayo. Tulifika salama, ila ndama amerudi na kiburi cha Mwanza, hataki kula pamoja na ng'ombe wa watu.

Mstari usiguswe. Si kwamba siwezi, usinielewe vibaya. Kidole gumba changu sasa kingechora mto Kagera wote mpaka ziwani bila kuinuliwa. Lakini uachwe hivyo. Diane akifika huko siku moja, aone pa kuanzia.

Kibandiko andika kwa herufi kubwa: MAMA DIANE WA KIBUNGO, NA BINTI YAKE. Jina la mama huyo mwenyewe silijui. Jumatano zote zile sikumuuliza, maana muda wote nilikuwa nasema mimi. Hilo linaniuma kuliko magoti ya dada yangu. Nimewapa ujumbe madereva wa malori wanaovuka Rusumo, wamuulizie. Likipatikana, mtabadilisha.

Mimi usiniandike. Lakini nafasi ikibaki, chini kabisa, kwa herufi ndogo: ndama ni wa Telesfori, Nyamiaga.

Mjomba wako