Mgeni wa Nyumba Sita

Jumatatu, 1 Agosti 1949

Karani. Mtoto wangu ni karani. Nimeliandika neno mara mbili nione kama wino utakataa. Haukukataa.

Phineas Walubengo, karani wa lokesheni, Eldoret, kuanzia leo saa mbili asubuhi. Anakaa mezani. Meza ina droo. Droo ina ufunguo, na ufunguo unalala mfukoni mwake! Daftari hili amenipa yeye, la ofisi, kurasa za mbele zilimwagikiwa na chai. Akasema, Mama, wewe una maneno mengi, mengine uyaweke humu. Huyo ndiye mtoto. Anamfikiria mama yake.

Mimi nilisoma mpaka kubatizwa tu. Lakini herufi zangu zinakaa juu ya mstari, hazilewi.

Baba Phineas alirudi kutoka kwenye kinu, mweupe kwa unga kama mzuka. Nikamwambia. Akasema, vizuri. Vizuri tu — mtu amezaa karani anajibu kama ameambiwa ugali umeiva.

Jumatano, 3 Agosti

Leo nilipita pale ofisini. Si kwamba nilikuwa na shida, nilikuwa napita tu. Mara tatu. Dirishani niliona tai, na kalamu nyuma ya sikio. Kazi yake ni kuandika kila chumba cha lokesheni, huu mtaa wetu Waafrika, kina nani na nani. Yaani watu wote wa hapa wanapita chini ya mkono wake.

Kwenye mfereji wa maji jirani yangu Kavetsa akaniambia, Mama Phineas, ulishatuambia jana. Nikamjibu, jana nilikuambia habari ya meza. Leo ni habari ya droo.

Jumapili, 7 Agosti

Mdomo wangu huu.

Baada ya nyimbo kanisani, Mzee Shitanda alisimama mbele na mwanamke mmoja na watoto watatu. Anaitwa Selpha. Mjane wa Kituyi, skwota, mfanyakazi wa kuishi kwenye shamba la Kaburu huko njia ya Moiben. Wamefika kwa miguu, matope mpaka magotini, kuku mmoja kwapani. Mzee akauliza, nani ana mahali?

Watu wakafungua vitabu vya nyimbo kama jibu limeandikwa humo. Mmoja akaanza kukohoa. Nikaangalia kofia za mbele yangu, nikaangalia yule mtoto mdogo akisimama kwa mguu mmoja kwa sababu sakafu ni baridi. Nikajikuta nimesimama. Nikasema, kwa mama wa karani hakujawahi kukosa mahali pa kulaza mgeni.

Vigelegele! Ngoma ikapigwa. Nikaketi, ndipo nikahesabu: chumba kimoja, kitanda kimoja, pazia moja, mume mmoja. Nikashika kichwa kwa mikono miwili. Nikaimba kwa nguvu ili watu wafikiri ni Roho.

Baba Phineas alitazama tu, akachukua blanketi lake akalipeleka kwenye magunia karibu na mlango. Akasema, niliondoka asubuhi nina mke mmoja, narudi nina kijiji.

Jumatatu, 8 Agosti

Selpha anafanya kazi huku anaongea, hata huoni kwamba anakusimulia jambo zito. Tulikuwa tunachambua mboga.

Miaka ishirini na moja walikaa kwa huyo Kaburu. Kituyi aliongoza maksai na kukamua ng'ombe. Nyumba walijenga wenyewe — miti wakakata, nyasi wakaezeka, ukuta yeye Selpha alikandika upya kila Krismasi. Lakini ardhi ni ya Kaburu, na mkataba uliandikwa kwenye kipande cha Kituyi, kile cheti chake cha kazi. Mwezi wa nne Kituyi akanyeshewa, kifua kikabana, siku nne, basi. Wiki haijaisha nyapara akaja akasema mkataba umekufa na mwenyewe. Mfanyakazi mpya alikuwa tayari langoni, na mke wake na kuku wao.

Ulimwambia nini huyo mwanamke? Nikauliza. Mimi ningemwambia mengi.

Selpha akasema, nilimwonyesha upande ambao paa linavuja.

Akaenda kwao Kituyi. Ndugu walishagawana shamba zamani, wakasema, tulidhani Kituyi amekuwa mtu wa huko. Akaenda kwao yeye, alikozaliwa. Huko kuna wifi. Wifi ni wifi.

Nikawaza sana nikikoroga sufuria ya mboga. Zamani nikiona mtu hana kwao nilikuwa nasema, labda ni mvivu, labda ana mdomo. Huyu mdomo hana, wenye mdomo ni mimi. Na chumba hiki ninachokipaka chokaa na kukisifu, namba ishirini na saba, kiko kwenye kipande cha nani? Cha Baba Phineas. Nyumba yangu nzima imesimama juu ya miguu ya mtu mmoja mwenye kukohoa unga.

Jioni nilimpa mume wangu chai ya tangawizi vikombe viwili na sweta juu ya sweta. Akasema leo napendwa.

Jumanne, 9 Agosti

Phineas, ambaye sasa analala kwenye chumba cha ukarani, alikuja kula saa ya mchana. Akakuta watu kitandani, watu chini, kuku wa Selpha juu ya Biblia. Akasema, Mama, chumba ishirini na saba kina watu wawili kwenye rejista.

Nikasema, sasa kina sita, andika.

Akanieleza polepole kama naenda shule. Anayekaa lokesheni lazima awe chini ya mwanamume mwenye kazi mjini. Mgeni ni siku mbili tu. Ya tatu awe na chiti cha ruhusa. Chiti hapewi asiye na kazi. Na kazi je? Kazi hapewi asiye na chiti. Nikamuuliza aliyetunga hiyo alikuwa amekunywa nini. Akasema, Mama.

Baba Phineas akaingilia, hata wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Selpha akajibu kutoka penye jiko, nipeni hilo jembe, nalijua tangu zamani! Tukacheka sisi wote. Phineas hakucheka.

Nikamuuliza, akipatikana bila chiti anapelekwa wapi?

Anarudishwa kwao.

Kwao ni wapi?

Akatazama sahani. Mtoto mdogo alikuwa ameshika ncha ya tai yake, anaipapasa kama mkia wa paka, na yeye hakuivuta.

Alasiri wamama wa kanisa tukakutana kwa Jemutai, mke wa Kiptoo wa maziwa. Kila mtu analia, kila mtu ana chumba kimoja. Mmoja akasema, Wazungu ndio wamemtoa, wamrudishe wao. Mwingine, ndugu za mume ndio wenye lawama. Mwingine, serikali. Lawama ikazunguka chumba kizima, ikakosa pa kukaa. Jemutai alikuwa kimya anasugua kibuyu. Kisha akasema, kwenye shamba la huyo Kaburu ndiko babu yangu alilisha ng'ombe, na sisi hatukurudishwa kokote, kwa hiyo mimi sisubiri mwenye lawama apatikane. Siku mbili amekaa kwa Mama Phineas. Aje siku mbili kwangu. Akiingia kwangu si ni mgeni mpya?

Halafu Kavetsa akaanza kucheka, akacheka mpaka akafunguka kilemba. Sheria imesema siku mbili, haikusema mlango gani! Nyumba sita zikapatikana hapo hapo, yangu ikiwemo. Kavetsa akasema kwake ndiko karibu, aanze yeye, Jemutai afuate, mke wa Mzee Shitanda atakuwa wa mwisho, halafu zamu inarudi kwangu.

Tukamhamisha leo leo. Kutoka ishirini na saba mpaka ishirini na nane! Ni hatua tisa, lakini tulizunguka lokesheni nzima tukiimba, sufuria kichwani, blanketi kichwani, kuku mbele kama bibi arusi.

Jumamosi, 13 Agosti

Sijawahi kuona furaha kama hii na hakuna aliyeolewa.

Imekuwa mashindano. Kavetsa aliwachinjia jogoo. Jemutai akatoa mursik, maziwa ya kibuyu yaliyokaa mpaka yakapata ladha ya moshi, watoto wakaota masharubu meupe. Mama Shitanda analalamika kwa nini zamu yake ni ya mwisho, ati ukarimu wake umepoa kwenye foleni. Na Selpha hakai bure — kila nyumba anayotoka ukuta umekandikwa, nguo zimeshonwa viraka, mpaka waume wanauliza, kwetu atakuja lini tena? Mimi nawakumbusha wote ni nani alisimama kanisani. Si kwa kujisifu. Ili historia ikae sawa.

Leo kwenye mfereji Selpha aliniambia mtoto wake mdogo, Jackson, akiamka anauliza kwanza, leo tumeamka kwa nani? Akacheka akinisimulia. Nami nikacheka. Ndoo ikajaa ikamwagika, na sisi tumesimama tunaitazama.

Jumanne, 16 Agosti

Limetangazwa. Ijumaa kuna hesabu ya watu. Mzungu msimamizi wa lokesheni mwenyewe atapita mlango kwa mlango, na karani wake na rejista. Atakayezidi kwenye chumba anatolewa siku hiyo hiyo kwa lori.

Phineas ndiye aliyesoma tangazo, juu ya kreti, kwa Kiswahili, kwa lugha yetu, na kwa Kinandi cha kujifunza. Hakukwama hata mara moja. Nilijivuna mpaka nikasahau alichokuwa anasema. Kavetsa akanifinya ndipo nikasikia.

Jumatano, 17 Agosti

Phineas amekuja bila tai. Akasema, Mama, nikiandika uongo nafukuzwa.

Najua. Mimi ndiye niliyemchapa akiwa na miaka sita kwa uongo wa sukari. Nikamwambia, sitaki uandike uongo.

Niandike nini basi?

Utakachoambiwa.

Akasema, ninyi wanawake mnacheza kibemasa, mchezo wa wadanganyifu, na kazi yangu. Hapo nikawaka. Nikamwambia, na hicho chumba chako cha ukarani ni cha nani? Ukishikwa na homa mwezi mzima, utalala ndani ya droo?

Alikula sahani mbili. Hata akiwa na hasira anakula vizuri, hilo amelitoa kwangu. Lakini baada ya kuondoka nilikaa chini. Miaka kumi na miwili nimelima vibarua vya watu ili huyu asome. Na nikisema kweli, niliogopa. Nilifikiria kumwambia Selpha aende.

Mlangoni alikuwa ameuliza kitu kimoja. Yule mdogo anaitwa nani? Nikamwambia, Jackson. Akatikisa kichwa akaenda.

Alhamisi, 18 Agosti

Tumekutana kwa Mama Shitanda. Mzee Shitanda akatuonya, kusema uongo hapana. Jemutai akamuuliza, Mzee, huwa wanauliza nini? Akasema, huuliza nani analala humu. Jemutai akasema, basi Selpha amelala kwangu. Kavetsa, na kwangu. Wale wengine, na kwetu, akiandikwa kila mlango atatolewa mlango gani? Mzee akafikiri. Akasema hapo haoni dhambi, ila anaona lori.

Ijumaa, 19 Agosti

Karibu saa tano. Naandika kwa sababu mikono imekataa kukaa bure.

Selpha amerudi kwangu asubuhi, zamu imezunguka imekamilika. Hatukuimba. Amewaogesha watoto, wamepakwa mafuta, wamekaa kitandani kwa mstari wanang'aa kama viatu vya askari. Ameniambia, dada, niwachukue tukakae kule mto Sosiani mpaka wapite, kijana wako asiharibikiwe. Alikuwa ameshafunga blanketi. Mvua inanyunya. Nilimfungulia lile blanketi, nikalitandika tena. Sikusema neno, na mimi si mtu wa kukosa neno.

Wamefika upande wetu, wanaanzia mwisho wa mstari. Ukuta ni mwembamba, nasikia.

Kwa Jemutai, mlango wa pili kutoka kwangu. Phineas anauliza, Bwana anataka kujua nani analala humu. Jemutai anajibu, mimi, Kiptoo, watoto wawili. Na Selpha na watoto wake watatu. Nimechungulia. Kalamu inatembea. Inatembea kwa muda mrefu kuliko wa kuandika watu wanne.

Kwa Kavetsa, hapa jirani. Watoto wanne, mume, mimi — sauti yake kama anatangaza harusi — na Selpha na watoto watatu. Mzungu amesema kitu. Phineas anasema, Bwana anauliza, Selpha huyu ni nani?

Kavetsa anajibu, mwambie ni mtu wa hapa.

Mvua juu ya mabati. Sasa Phineas anasema, kwa Kizungu, maneno mengi, marefu, sijui hata moja ila nimesikia Kituyi, nimesikia Moiben. Nimesikia Jackson. Mzungu anapekua rejista nyuma, anapekua mbele. Anaita askari wake aje karibu.

Kokoto zinasagika. Ni viatu vya watu watatu.

Hodi. Ni sauti yake. Anabisha kwa mama yake kama mgeni, kama kazi inavyotaka, na tai ameivaa. Selpha amesimama. Nimemwambia aketi. Uji wa asubuhi niligawa kwa mkono wangu, pamoja na kikombe cha Baba Phineas kabla hajaenda kinuni, kwa hiyo hesabu ninayo.

Sita. Naenda kufungua.