Sala za Bibi Wawili

Jumapili, 11 Februari

Mkwe wangu,

Salamu sana. Habari za huko, na presha inaendeleaje? Sisi huku wazima, tunakula, tunalala. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunaishia kusikilizana tukipumua.

Mjukuu wetu amefika salama na ameanza shule. Kasuku wetu, aliyekuwa haachi kusema hata akiwa na chakula mdomoni, sasa ukimuuliza anatikisa kichwa tu. Mwalimu anasema tumpe muda. Nami nampa, tangu ile ajali sina haraka na kitu chochote. Nashona sare za shule, naweka mkono wa shati upande usio wake, nafumua, nashona tena, wala sikasiriki. Binti yangu amekufa na mimi sikasiriki. Nakuambia wewe kwa sababu ulimzika mwanao siku ile ile.

Hasa nakuandikia juu ya dini. Mwanao alikuwa Mwislamu na binti yangu alibaki Mkristo, na najua ndugu zako walivyonitazama tulipokubaliana mtoto akae kwangu wakati wa shule na kwako wakati wa likizo. Ondoa wasiwasi. Kila Jumamosi nampeleka madrasa, kwa ustadhi aliye nyuma ya soko. Msalaba uliokuwa ukutani chumbani kwake nimeutoa. Mimi mwenyewe nasali jikoni nikiwa nimefunga mlango, asije akaniiga. Sitaki siku moja useme nilikuibia damu ya mwanao.

Mkwe wako,
Bibi mzaa mama


Jumamosi, 2 Machi

Mkwe,

Salamu na kwako. Barua yako nimeisoma nikiwa nimekaa juu ya gunia la mashuka machafu, maana ndicho kiti tulichonacho kwenye chumba cha kufulia pale hospitali. Presha imetulia. Uliobaki ni mgongo, nao unalia kuliko mimi.

Uliyofanya ni makubwa. Nilikuwa nimejiandaa kugombana nawe, hata maneno nilikuwa nayo tayari. Umeninyang'anya ugomvi wangu, sasa jioni sina la kufanya.

Unasema hukasiriki. Mimi naswali zote tano kwa wakati wake, nainama, nasujudu, nainuka, na ndani hakuna mtu. Ni kama kukunja mashuka: pembe kwa pembe, unaweka kwenye rundo, unachukua jingine. Siachi, lakini sisikii kitu.

Akija likizo, nami nitakurudishia adabu yako. Sikubali kushindwa na fundi cherehani.

Wako,
Bibi mzaa baba


Jumapili, 21 Aprili

Mkwe wangu mstahiki,

Hujambo? Na macho je, bado unatunga uzi kwa kubahatisha? Mimi sijambo, na mtoto hajambo.

Jumapili iliyopita nilimwogesha, nikamvalisha lile gauni ulilomshonea, nikamkabidhi kwa jirani yangu muuza mkaa ampeleke kanisani, darasa la watoto. Leo kaenda tena. Majirani walinitumbulia macho. Niliwaambia mama yake alikuwa Mkristo na mama yake hajafutika. Asiyependa akaanike nguo zake. Mswala wangu nimeuhamishia stoo, kati ya ndoo na mifagio, isionekane kwamba namvutia upande wangu. Jana alikuja akasimama mlangoni nilipokuwa nikiutandika. Nikamwambia hii swala ni ya bibi, nenda kacheze. Akaenda bila kununa. Nilipotoka nilimkuta amekaa sebuleni, hachezi.

Mwalimu wa kanisani anasema wenzake wakiimba yeye hafungui mdomo. Nimemwomba avumilie. Nadhani tunakwenda vizuri, wewe na mimi. Hatujakorofishana hata mara moja.

Bibi mzaa baba


Jumapili, 19 Mei

Mkwe wangu,

Pole na kazi. Sisi wazima. Kaa kitako kwanza ndipo usome.

Juzi jioni nilikuwa jikoni nimepiga magoti, mlango ukafunguliwa. Nikainuka haraka, nikashika sufuria iliyokwisha kuoshwa, nikaanza kuisugua. Kasuku akanitazama. Tangu arudi kutoka kwako alikuwa hajasema zaidi ya ndiyo na hapana. Akasema:

“Bibi wa kule ananifukuza akisali. Na wewe unajificha. Nimefanya nini?”

Nilimweleza kwamba mimi namheshimu baba yake, na bibi wa kule anamheshimu mama yake. Maneno yalitoka yamepangika vizuri, na mtoto hakuelewa hata moja. Basi nikamuuliza kwao walikuwa wakifanyaje.

Mkwe, hili hatukulijua kwa sababu hatukuwahi kuuliza. Anasema jioni walikuwa wakisali pamoja, chumba kimoja. Baba yake alitandika mswala mbele, mama yake alikaa kitandani nyuma yake na kitabu cha sala, kila mtu na maneno yake, na mtoto katikati yao. Hakuna aliyemwambia akacheze. Wakimaliza, baba yake aligeuka akamuuliza mama yake, “Umeniombea?” Mama yake naye akajibu, “Sema wewe kwanza.” Kila siku hivyo hivyo, na walikuwa wakicheka.

Sisi tumemfungia milango miwili, kisha tukasifiana kwa adabu. Mtoto alidhani hakuna bibi anayemtaka akiwa mbele ya Mungu. Nimeumia, au nadhani huku ndiko kuumia. Ni muda mrefu sijasikia kitu.

Jana nilisali chumbani kwake, mlango wazi. Akakaa karibu nami. Nakuambia kweli, sikuhisi chochote. Nilisoma maneno kama ninavyosoma vipimo vya sketi. Lakini alikaa mpaka mwisho.

Mkwe wako,
Bibi mzaa mama


Jumapili, 28 Julai

Mkwe wangu,

Salamu. Naomba kimya chako kiwe cha kazi, si cha ugonjwa. Tangu Mei sijapata jibu. Kama nimekuudhi, niudhi nawe, tuwe sawa.

Jumamosi nitamleta mtoto mwenyewe na kugeuza na gari la mchana, kwa kuwa sare za muhula mpya zinanisubiri. Hapa nyumbani sasa anasema kidogo, kama mtu anayejaribu maji kwa kidole. Sikuombi umfundishe lolote wala usimfundishe lolote. Naomba tu asifukuzwe.

Bibi mzaa mama


Ijumaa, 30 Agosti

Mkwe,

Hujambo? Mimi nipo. Barua hii naitia kwenye begi la mtoto, baba yake mkubwa atamrudisha kesho.

Ulipomleta ulikataa hata maji ya kunywa, nami sikukushikilia. Nilikuwa na hasira, na haikuwa juu yako. Mwanangu aliswali miaka yote na mkewe nyuma yake na hakuniambia, mimi mama yake. Nimelazimika kusikia kwa barua, naye hayupo nimuulize.

Basi wiki nzima nikabaki na stoo yangu. Kasuku hakuja tena mlangoni. Hapo ndipo nilipoogopa, mkwe. Safari hii hakuja hata kufukuzwa. Nikaurudisha mswala chumbani, nikatawadha, nikaacha mlango wazi, nikasimama. Katikati ya swala nikasikia kitanda kinalia nyuma yangu. Alikuwa amekaa mahali pa mama yake. Niliswali kikavu kama siku zote. Nilipogeuza uso kushoto kutoa salamu ya mwisho, nikamwona ananisubiri.

“Umemwombea bibi wa kule?”

Nikamwambia hapana. Nikamwambia ukweli kwamba simwombei mtu siku hizi, natimiza tu.

“Yeye anakuombea wewe,” akasema. “Kila siku. Mimi nakaa naye, namsikia.”

Kisha akanieleza unavyoniombea: mgongo wangu upone, mashuka ya hospitali yasiwe mazito yakilowa, jioni nisiwe peke yangu. Alisema, mkwe, alisema mpaka chai ikapoa. Mimi nikalia. Sikulia makaburini, nikaja kulia juu ya mswala kwa sababu ya mashuka. Mtoto hakushtuka, aliendelea kusema tu. Na tangu siku hiyo hajanyamaza, hata usingizini.

Sasa nakuuliza, nawe unijibu kama mtu mzima: ni kweli? Maana mimi sijakuombea hata siku moja, na naona haya.

Bibi mzaa baba


Jumapili, 1 Septemba

Mkwe wangu,

Salamu. Mtoto amefika salama, na barua yako nimeisoma kabla hajavua viatu.

Si kweli. Mimi husoma sala za kitabuni, na humo hakuna mgongo wako wala mashuka ya hospitali. Sijawahi kukutaja. Kasuku ameyatunga yote mwenyewe.

Sikumwambia kwamba najua. Jana jioni nilipofungua kitabu alikuja akakaa pembeni yangu, akakodolea macho midomo yangu, akingoja. Nikakifunga kitabu. Nikaanza na mgongo wako.

Bibi mzaa mama