Rufaa ya Kasiani Isiyogongwa Muhuri

Mzee Otmari,

Shikamoo. Nimeanza na shikamoo kwa sababu ndivyo nilivyolelewa, si kwa sababu nimekusamehe.

Baada ya misa yako ya arobaini kule Mapera, mjane wako alinikabidhi funguo za ofisi yetu ya Mbinga. Faili la kwanza nililofungua ni la Kasiani, yule mvuvi wa Mbamba Bay aliyefungwa miaka thelathini kwa kupora mashine ya boti, kwa ushahidi wa mtu mmoja tu. Nilitaka kujua rufaa yake imefikia wapi Mahakama Kuu Songea. Nikaikuta humo humo, Mzee. Nakala zote zipo, sahihi yako ipo, muhuri wa mahakama hakuna hata mmoja.

Uliniambia umeipeleka. Nami nikamwambia mkewe, Mama Hilda, huku namtazama usoni: tulia mama, mambo ya mahakama yanakwenda polepole. Miaka miwili amekuwa akipanda gari toka ziwani na kifurushi cha usipa, wale dagaa wa ziwani, wakavu, wa kukushukuru. Tumewala pamoja, mimi na wewe, kwa ugali, pale pale mezani kwako. Ulikuwa unamezaje?

Shajara yako imenijibu. Siku ya mwisho ya kuwasilisha rufaa ulikuwa redioni, unaeleza ulivyoishinda halmashauri kwenye kesi ya mashamba ya Maguu. Chini umeandika: "Nimesahau ya Kasiani. Nitamwambia kesho." Kusahau ningekuelewa. Zinazoniuma ni zile kesho zako zote, na kwamba mimi ndiye uliyenituma kuzipeleka kwa Mama Hilda.

Redioni ulisema mwenye madaraka lazima amjibu mwananchi. Nilisikia fahari, mjinga mimi.

Sasa ili mahakama imwongezee Kasiani muda, lazima mtu aape na kueleza kwa nini siku zilipita. Mtu huyo ni mimi. Mjane wako amenisihi, "Mwanangu, mwache mwenzangu apumzike." Nimelia naye. Lakini Kasiani yuko hai, na yuko ndani.

Unakumbuka ulivyonizoesha: hati haiendi mahakamani kabla hujamsomea kwa sauti kila anayehusika, hata kama anajua kusoma mwenyewe. Jana nimemsomea Mama Hilda kiapo changu. Nilipomaliza akauliza, "Kwa hiyo muda wote huu mume wangu alikuwa hangoji chochote?"

Pumzika, Mzee, ukiweza. Sheria yote ninayoijua umenipa wewe, ndiyo maana nina hasira hivi. Jumatatu nakwenda Songea kuwasilisha kiapo. Lakini Jumapili, watu wakishatawanyika kanisani, nitakuja kaburini kwako na karatasi zangu. Jina lako limo kila ukurasa. Nitakusomea mwanzo hadi mwisho, kwa sauti, maana na wewe unahusika.

Wakili wako mdogo,
Agnesi