Ndezi na Chura wa Bwawa la Mtua

Mume wangu Masanja,

Baba alipotuozesha ulisilimu ukaitwa Yusufu, lakini mimi nimebaki na jina ulilonijia nalo kutoka kambi ya ng'ombe ya Nandagala, kule Ruangwa.

Unalikumbuka bwawa letu hapa Mtua? Jioni ulikuwa ukininyamazisha tusikilize ndezi, wale panya wakubwa, wakitafuna matete. Kwenu Kanda ya Ziwa mlizoea kuwala, ila chura wa mtini hukuwahi kumwona. Nilikuonyesha povu jeupe lililoning'inia tawini juu ya maji, nikakwambia ndani yake mna watoto, wakikomaa wanadondoka majini. Ulicheka. Ukasema ndezi ndiye mzazi mwenye akili: mtoto wake huzaliwa na manyoya, macho wazi, na muda si mrefu anakimbia. Nikakujibu kwamba chura naye kiangazi kizima hukaa palepale tawini, ngozi imempauka kama majivu, wala hahami.

"Anayaamini mno maji," ulisema.

Mwaka ule mvua ilikatika mapema. Ndezi walihama matete yalipoanza kukauka. Mapovu yalibaki, viluwiluwi wakawa wanadondokea kwenye tope lililopasuka. Nilisimama nikiwatazama, nami nina mimba, nisiweze kufanya lolote. Wiki hiyohiyo wakulima na wafugaji waligombania kisima, baba yako akaamua kuondoa ng'ombe. Ulinishika mkono ukasema, "Nikipata maji nitakuja kukuchukua."

Hukuwepo mwanao alipozaliwa kabla ya wakati. Alikuwa wa kike. Hakufumbua macho. Wanawake walimwosha, baba akamzika nyuma ya mikorosho. Nayaandika hapa kwa sababu simu yako haipatikani, na wachuuzi wa ng'ombe ninaowauliza mnadani, kila mmoja anakutaja mahali pengine. Wa mwisho alisema una nyumba na mke. Sikumuuliza zaidi.

Mvua zimerudi, lakini bwawa limejaa mchanga na mtu amepanda ufuta. Msimu huu sijasikia chura hata mmoja.

Shehe amesema mke aliyetelekezwa anaweza kuvunjiwa ndoa. Nilikataa muda mrefu. Juzi mama aliniuliza nangoja nini, nikamwambia twende. Ijumaa, baada ya sala, tunakwenda kwa shehe.

Popote ulipo, ng'ombe wako wapate kunywa.

Mkeo, mpaka Ijumaa