Nani Atamkamua Malkia

Majengo, Nyeri
3 Juni

Kwa mdogo wangu Ngendo,

Pokea salamu za kujaza gunia. Mimi ni mzima, wifi yako ni mzima, na hoteli yangu bado ndiyo inapika chai ya kwanza Majengo nzima, hata wenye hoteli zingine hunywea hapa kwa siri. Wewe je, mwili uko namna gani?

Nauliza kwa sababu simu yako imezimwa tangu Pasaka. Mutahi wa gari la maziwa, ndiye atakupa barua hii, anasema umekonda, na ati unaenda dispensari kuongea na kaunsela. Kuongea tu, bila hata sindano. Ngendo, mimi nimeendesha lori mpaka Juba. Nimechekesha askari akasahau bunduki yake. Maneno si ungechukua kwangu bure? Niambie nani amekukosea, nije nimnyooshe.

Ni mimi kakako,
Kinuthia

Gakindu
9 Juni

Kwa kaka Kinuthia,

Salamu zimefika. Huku ni ukungu na baridi, kahawa inaendelea. Natumaini goti lako limepoa.

Hakuna aliyenikosea. Hakuna aliyekufa. Hiyo ndiyo shida, kaka, kwa sababu kungekuwa na matanga watu wangejua wanipe pole ya nini. Naamka na kifua kizito kama nimekaliwa na mtu. Simu ikilia naogopa, ndiyo nikaizima. Kaunsela, anaitwa Anita, alisema kama sauti haitoki niandike, basi naandika.

Aliniambia pia nichague kazi moja ya asubuhi, nisiiache hata moyo ukatae. Nikachagua kumkamua Malkia. Majirani wakiona mlango umefungwa hunihurumia, wananiacha nilale. Ng'ombe hana huruma. Kukikucha analia mpaka nitoke. Siku zingine namkamua nikilia na mimi, nimeegemea ubavu wake. Ukirudisha barua weka na ile chupa yangu ya maziwa niliyokutumia na Mutahi.

Dada yako,
Ngendo

Majengo
12 Juni

Kwa Ngendo,

Salamu tena. Barua yako nimeisoma mbele ya wateja nikalazimika kusema ni moshi umeniingia machoni.

Ati unakamua ukilia, kwa baridi hiyo? Na mimi niko hai? Huyo Anita ni mtoto wa juzi. Kwetu mgonjwa hupewa kitanda na uji, hapewi ndoo. Marehemu mama alipougua, kuna siku alishika hata kijiko? Basi usijali, nimeshapanga. Kesho anakuja Waweru, mwanamume wa nguvu, atakamua, atamkatia Malkia majani ya nepia, atafagia boma. Mimi na yeye tumemalizana. Wewe lala mpaka jua likuchoke. Hiyo ndiyo dawa, na nimeijua bila kwenda chuo.

Kakako mwenye akili,
Kinuthia

Majengo
27 Juni

Kwa Ngendo,

Sijui kama salamu hii utaifungua. Mbili za kabla ya hii Mutahi alizirudisha, anasema alibisha mpaka akaona aibu.

Waweru ananiambia hujatoka. Uji anaoweka mlangoni unanywewa na mbwa. Jumapili nilikuja mwenyewe, nikakaa kwa ngazi yako, nikakupigia zile hadithi zangu zote za Juba kupitia mlango. Nilisikia kitanda kikilia kidogo, basi. Hata ile ya askari hukucheka.

Nikaenda dispensari kugombana na Anita. Nilikuwa nimepanga maneno makali sana. Akanisikiliza yote, kisha akaniuliza, "Sasa mzee, asubuhi anaamkia nini?"

Nilitafuta kofia yangu nikatoka.

Waweru nimemwondoa kwa boma. Atalala kwa jirani, amtupie Malkia majani tu na kukuangalia kwa mbali, na Anita ameahidi kupita huko kila siku akitoka kazini. Lakini ndoo hakuna atakayeigusa. Naogopa, nakwambia ukweli. Kukikucha Malkia atalia, matiti yamejaa, na wewe ndiye utamsikia. Nisamehe kwa kitanda nilichokupa.

Usiandike. Mutahi nimempa chupa yako, ataitundika kwa lango. Nikiiona ina kitu nitajua.

Ni mimi,
Kinuthia

Majengo
29 Juni

Kwa Ngendo,

Jana chupa ilikuja tupu. Leo pia. Nilimwambia wifi yako ni gari limechelewa. Wateja wanaona nimenyamaza, wananiuliza kama nimeokoka.

Nimemwambia Mutahi airudishe langoni.

Kinuthia

Gakindu
30 Juni

Kaka,

Amelia tangu giza. Niliziba masikio na blanketi. Mwisho nikatoka na miguu mitupu.

Ni nusu chupa. Mikono imechoka, na yeye alinipiga teke, amenuna. Sikuchuja, utaona nyasi ndani.

Kesho sijui. Lakini chupa irudi.

Dada yako