Stoo Isiyo na Mlango

Swahiba, acha unachofanya usome!

Si nilikutambia kwamba stoo yangu ni mkataba mmoja, mchoraji wa ramani na fundi mtu yuleyule, yaani mimi, ili pasiwe na kutupiana lawama? Nimepandisha tofali nikiwa ndani, zikafika shingoni. NIMESAHAU MLANGO!

Mke wangu kachungulia juu ya ukuta. "Mwite mchoraji."

"Ndiye mimi."

"Mwite fundi."

"Ndiye mimi huyohuyo."

"Basi niitie mjinga."

"Yumo humuhumu, mama watoto."

Tumecheka hadi machozi! Lakini nilipomwomba nyundo nitoboe ukuta nitoke, kaikatalia mpaka nikubali mlango utazame jikoni kwake, siyo barabarani nilikotaka.

Nimekubali. Sasa anauchora kwa chaki.

Mkataba umegawanyika, swahiba: yeye mchoraji, mimi fundi. Mlango ukienda upande, lawama najua pa kuzitupa!